Paka wa Mashineni Aliyekataa Dagaa

Leo sianzi na somo. Somo limesomwa, mmelisikia, na wengine nimewaona mkilisinzilia. Nitaanza na paka. Naona mama mmoja hapo mbele ameshacheka. Cheka, mama, ila usiondoke.

Palikuwa na mzee mmoja, kazi yake kusaga. Alikuwa na mashine ya kusaga na kukoboa mahindi kwenye kituo kidogo cha njia panda, huko nyanda za juu, mahali ambapo mwezi wa sita watu wanaota moto mpaka saa nne asubuhi. Mke wake alikuwa ameshatangulia. Watoto walioa na kuolewa, wakasambaa. Basi mzee akabaki na wawili tu wa kuzungumza nao: injini ya dizeli, ambayo haimsikilizi mtu, na paka.

Paka mwenyewe alikuwa dume wa kijivu, sikio moja limechanika, na jina lake Bwana Afya. Mnajua kwa nini? Kila gunia lililoingia pale mashineni alilikagua. Atalizunguka, atalinusa, atapanda juu yake, atakwaruza pembeni, kisha atakutazama wewe mwenye gunia kama anayetaka kujua choo chako umekichimba wapi. Wateja ndio waliompa jina hilo, na likamganda.

Wala hakupatikana bure. Kwa watu wa kule paka hapewi mtu hivi hivi. Wanasema ukimpata bure hakamati panya, anakuwa mgeni wa kula tu. Lazima utoe kitu. Mke wa msagaji alitoa kuku, tena tetea anayetaga, akarudi nyumbani na kipaka kinachoenea kwenye kiganja. Msagaji alinung'unika wiki nzima. "Kuku mzima, mama, kwa kitu kama soksi!" Lakini mwaka haukuisha, panya wa kituo kile wakajua pa kutofika, na watu wakawa wanaacha magunia yao pale siku mbili tatu bila wasiwasi.

Miaka kumi na minne, wapendwa. Mwanamke yule akafariki, paka akabaki. Mzee hakuwa mtu wa kutoa ya moyoni. Msibani hakulia mbele za watu, na ndugu wa mke walimsema kwa hilo. Lakini kila asubuhi alipofungua mlango wa mashine na kumkuta paka amekaa juu ya mizani anamngoja, alimwambia, "Umeamkaje, Bwana Afya?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la siku, kila siku. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Sasa sikilizeni mambo yalivyoharibika.

Mchana injini ilipozimwa, mzee alikuwa akigonga kopo la dagaa kwa kijiko, na paka huyo mbio, popote alipo. Siku moja akagonga. Paka akaja mbio kama kawaida. Akatia mdomo kwenye sahani, akachukua dagaa mmoja, akamtafuna mara moja. Halafu akaruka nyuma. Akatikisa kichwa. Akamwacha yule dagaa chini, akaitazama sahani kama imemtukana, akaenda kukaa hatua tatu pembeni, kaipa mgongo.

"Kulikoni?" mzee akamuuliza. "Leo tumeshiba?"

Kesho yake hivyo hivyo. Anakuja mbio, anatia mdomo, anaruka, anaondoka. Wiki ya pili mbio zikawa mwendo. Wiki ya tatu akawa haji mpaka afuatwe.

Na mzee akasema nini? Alisema maneno ambayo wewe na mimi tungesema. "Anaringa."

Ila alimpenda, jamani, msimwonee. Akawaza, labda dagaa hawa wamepoa ladha, wamekaa sana dukani. Akawasha jiko, akamkaangia. Akawakaanga wakakauka, wakawa wanalia kacha kacha kwenye kikaango, kama alivyowapenda yeye mwenyewe. Akawapuliza wapoe, akapeleka sahani mwenyewe, akapiga goti na magoti yale ya kizee. "Haya, bwana mkubwa. Nimekukaangia kwa mkono wangu."

Paka akanusa. Akamtazama mzee. Akachukua mmoja, na safari hii hakuruka tu, alitoa sauti ndogo, akakimbilia chini ya mizani na hakutoka mpaka jioni.

Mzee aliumia. Mtu ukimkaangia, ukampigia goti, akakukimbia, utajisikiaje? Yaliongezeka na mengine. Bwana Afya aliacha kupanda juu ya mizani, akawa anakaa chini vumbini. Mzee akasema, mvivu. Aliacha kujilamba, manyoya yakashikana mgongoni na unga na pumba. Mzee akasema, mchafu. Akawa anashinda kwenye ndoo ya maji ya kupoza injini, anakunywa na kunywa na kunywa. Mzee akasema, sasa huyu amekuwa chizi. Mnaona? Kila siku neno jipya la kumwita, na hakuna siku aliyouliza swali.

Jirani pale kulikuwa na mama muuza maandazi, mwanamke mwenye moyo mzuri na ushauri mwingi kuliko maandazi. Akamwambia, "Kaka yangu, wewe ndiye umemharibu. Paka anakaangiwa! Kuna watu hapa kituoni hawajakaangiwa dagaa mwezi huu. Mnyime. Njaa itamrudishia akili."

"Nitamnyimaje, dada? Amekonda vile."

"Amekonda kwa kiburi. Wewe msagaji mzima hujui? Paka akishiba hakamati panya. Mfungie ghalani na panya wake, usimwekee kitu. Siku tatu tu. Atakuja mwenyewe anakuomba msamaha."

Na kweli wasagaji wote wa kule walifanya hivyo. Paka akilegea kazini, anapunguziwa chakula, makali yanarudi. Mzee alijua desturi hiyo tangu ujana wake, na mara mbili tatu miaka ya nyuma ilimsaidia. Basi akamfungia Bwana Afya ghalani. Maji akamwekea, chakula hakumwekea. Siku ya kwanza alisikia makucha mlangoni, kwaru, kwaru. Alisaga kwa nguvu ili asisikie. Siku ya pili makucha hayakusikika, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi, maana alizima injini mara nne bila sababu, akasimama tu mlangoni na ufunguo mkononi. Hakufungua. Alijiambia anamsaidia.

Siku ya tatu alikuja mama mmoja kuchukua gunia lake. Wakafungua ghala. Gunia limetobolewa na panya pembeni, mahindi yamemwagika. Na juu ya mahindi yale paka alikuwa amelala, na alikuwa ameshakojoa papo hapo alipolala. Hakunyanyuka.

Mama yule akaweka kanga puani. "Baba, watoto wangu wale uji wa mkojo wa paka?"

Mzee aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Akampa mama yule mahindi mengine kutoka gunia lake mwenyewe, akamsagia, akamwomba radhi mara tatu. Alipoondoka, mzee akasimama pale katikati ya ghala. Akamwambia paka, "Umenivunjia heshima. Kula hutaki. Kazi hutaki. Mimi nimekukosea nini?"

Paka akafumba macho.

Kule mtu hamuui paka wake. Ni mwiko, na hata mwenye moyo mgumu hathubutu. Ila anaweza kumtupa. Unamtia kwenye kiroba, unampeleka mbali asijue njia ya kurudi, unamfungulia, unaondoka bila kugeuka nyuma. Ukigeuka, wanasema, atakufuata. Siku iliyofuata ilikuwa siku ya mnada wa mifugo, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli. Mzee akawaza, pale mnadani kuna wachinjaji, kuna matumbo na mapupu yanatupwa, kama ni kuringa na dagaa basi atakula nyama. Akajipa faraja hiyo. Akatafuta kiroba, akakitoboa matundu ya hewa kwa kisu, mengi kuliko yaliyohitajika. Akatandika shati lake kuukuu ndani. Niambieni, mtu anayemtupa paka anamtandikia shati?

Akamwinua kumtia ndani, na hapo mikono yake ikashtuka. Bwana Afya alikuwa mwepesi kama ganda la karanga. Lakini alikuwa ameshaamua, na mtu mkaidi akishaamua anaogopa kufikiri. Akafunga kiroba mbele ya baiskeli, akaenda. Njia nzima hakusikia hata mlio.

Mnadani, pembeni ya zizi, kulikuwa na daktari wa mifugo, binti wa miaka kama thelathini, mabuti yamejaa tope, anachanja mbuzi. Mzee akapita karibu naye akitafuta mahali pa kumwachia paka. Kiroba kikatikisika.

"Shikamoo, mzee. Umebeba kuku?"

"Marahaba, mwanangu. Hapana. Paka."

"Wa kuuza?"

Mzee angeweza kusema uongo akapita. Hakuuweza. "Wa kutupa," akasema. "Amezeeka, amekuwa na kiburi. Amekataa chakula."

Yule daktari akamwachia mbuzi wake. Akafuta mikono kwenye suruali. "Amekataa," akasema, "au ameshindwa?"

Wapendwa, mzee akakishusha kiroba chini. Miezi miwili alikuwa na yule paka na swali hilo halikumpitia kichwani hata mara moja. Na ni swali la maneno matatu tu!

Daktari akafungua kiroba, akamzungushia paka lile shati mpaka akabaki kichwa, akambana kwapani, na kwa vidole viwili akamfungua mdomo. "Sogea, mzee. Usitazame kando. Tazama hapa."

Mzee akatazama. Fizi zilikuwa nyekundu kama nyama mbichi. Nyuma kabisa, upande wa kulia, gego limeoza na kupasuka, kipande kimechongoka kinachoma ufizi, na pembeni yake usaha. Ile harufu ikampiga usoni.

"Harufu hii hujawahi kuisikia?"

"Naisikia muda mrefu. Nilidhani ni ya uzee."

"Uzee hauna harufu, mzee. Hii ni jipu. Anakuja kwenye chakula kwa sababu njaa inamuuma. Anatafuna, maumivu yanampiga mpaka kichwani, anakimbia. Wewe unaona ameringa. Umekuwa ukimpa nini?"

"Dagaa."

"Wa kuchemsha?"

"Nilimkaangia," akasema. "Wakauke vizuri. Nilidhani atawapenda."

Daktari akaufunga ule mdomo. Akampapasa paka mgongo, akabonyeza nyonga taratibu. Akauliza kama anakunywa maji mengi. Mzee akasema, ndoo nzima. Akauliza kama bado anaruka juu ya vitu. Mzee akasema ameacha, amekuwa mvivu. Daktari akamwambia figo zimechoka, ndiyo maana ya maji na ndiyo maana ya mkojo. Na nyonga zimekakamaa, zinauma, ndiyo maana harukii tena juu. Na mwenye mdomo wa kidonda hawezi kujilamba. Akasema yote hayo bila kukaripia, na ingekuwa nafuu kama angekaripia.

"Amekaa siku ngapi bila kula kabisa?"

"Tatu. Nilimfungia. Kwetu wasagaji ndivyo tunavyofanya."

"Paka hashindishwi njaa, mzee. Akikaa siku mbili tatu tumbo tupu, ini lake linaanza kuharibika, na hapo hata ile hamu yenyewe inakufa. Ungechelewa wiki hii hata sahani ya maziwa asingeinusa."

Mzee akajitetea, maana sote tunajitetea. "Lakini daktari, hakulia! Miezi miwili! Kama ni maumivu mbona hakulia? Mimi ningesikia. Mimi namjua."

Sasa sikilizeni alichojibiwa, maana ndicho kilichonifanya niwaletee paka humu ndani. Daktari alimwambia, "Paka haoneshi maumivu, mzee. Anayaficha. Porini mnyama mdogo akionekana anaumwa, wenzake wanamjua, na wanaokula nyama wanamjua. Anaficha ili asiliwe."

Mzee akakaa chini pale pale kwenye kinyesi cha mbuzi, mbele ya watu wa mnada, na yule ambaye hakulia msibani kwa mkewe akalia. Wachinjaji wakasimama na visu vyao kumtazama. Daktari akamwacha alie. Akamchoma paka ganzi, akatoa koleo, akang'oa lile gego, akakamua usaha, akasafisha. Akamchoma sindano nyingine ya dawa. Akamwagiza mzee: dagaa wachemshwe, wapondwe mpaka wawe uji, apewe vuguvugu ili harufu imwamshe hamu, kidogo kidogo mara tano kwa siku. Maji asimnyime. Sahani iinuliwe juu ya tofali asiiname sana. Na atandikiwe pa kulala pasipo baridi.

Mzee akarudi na kiroba chake. Njiani hakupanda baiskeli, aliisukuma, kwa sababu barabara ilikuwa na mashimo. Alipofika kituoni mama wa maandazi akapiga kelele, "Kaka! Umeshindwa kumtupa?"

"Nimeshindwa, dada," akasema. "Tulikuwa tunamshindisha njaa mgonjwa."

Akachemsha. Akaponda kwa mwiko. Akaweka sahani juu ya tofali. Hakugonga kopo, hakupiga goti, hakusema haya bwana mkubwa. Alikaa tu chini mita moja pembeni, akanyamaza. Bwana Afya akanusa mvuke. Akanusa tena. Akatoa ulimi, akagusa, akasimama, akingoja yale maumivu yaje. Hayakuja. Akalamba. Akalamba tena, polepole, kichwa kimeinamia upande mmoja, mpaka kitako cha sahani kikaonekana.

Sitawadanganya kwamba alirudi kuwa kijana. Figo hazikupona. Hakukamata panya tena hata mmoja, mzee akaweka mitego. Aliishi miezi tisa, akafa katika usingizi karibu na injini. Miezi tisa hiyo alikula.

Naona mnafuta macho. Vizuri. Sasa acheni kumlilia paka.

Ninayo karatasi hapa, ndani ya koti langu. Baraza la wazee walinipa Alhamisi, na leo kwenye matangazo nilitakiwa kuisoma. Mnazijua karatasi hizi. Ni majina ya ndugu ambao hawajafika kwenye Meza ya Bwana miezi sita. Yakisomwa Jumapili tatu, wanaondolewa, wanatengwa. Ndiyo desturi yetu, na miaka ya nyuma mara mbili tatu ilisaidia. Yako majina kumi na moja. Juu kabisa tumeandika kwa wino: wamekataa Meza.

Wamekataa? Au wameshindwa?

Sitataja jina. Lakini yumo mama humu kwenye karatasi aliyekuwa akiimba sauti ya pili. Alimzika mwanawe mwezi wa tatu. Tulikwenda, tukaimba, siku ya tatu tukakunja mikeka yetu tukarudi nyumbani. Jumapili moja akaja, ukapigwa wimbo ule ule wa kwenye kaburi, akatoka mbio katikati ya ubeti. Mlimwona. Mlisema nini? Amepoa. Imani yake ndogo. Na tukamfanyia nini? Tukamkaangia! Tukampelekea barua ya onyo. Hakuja. Tukampelekea nyingine, kali zaidi, kavu zaidi, halafu tukashangaa anajificha ndani tukibisha hodi.

Yumo mzee humu ambaye masikio yamekufa. Miaka miwili alikaa kiti cha nyuma hasikii hata neno moja ninalosema, anatazama midomo yangu. Akachoka. Hakuna aliyemwambia aje akae mbele. Tumemwandika mkaidi.

Mtaniuliza, mbona hawakusema? Wana midomo, si paka. Kweli. Basi niambieni mimi: humu kwetu, mtu akisema panapomuuma, anafanywa nini? Dada mmoja alisimama hapa mwaka juzi akaomba tumwombee ndoa yake. Kabla ya Jumatano habari ilikuwa imefika sokoni, ina chumvi na pilipili, na walioipeleka walikuwa wametoka humu. Tulimla, ndugu zangu. Tulimla mzima mzima, na hao kumi na moja walikuwa wamekaa hapa wakitazama tunavyotafuna. Wewe ungesema? Mimi nisingesema.

Na msifikiri nawarushia ninyi mawe nimesimama pembeni. Chini ya karatasi hii kuna sahihi. Ni yangu. Niliitia Alhamisi nikiwa na haraka ya chai.

Haitasomwa leo. Baraza la wazee, mtanikasirikia, tutaongea. Mzee Ngailo, naona umeshakunja uso. Utakwenda wewe na Mama Kyando kwa yule mzee wa masikio, na mtakaa upande anaoweza kuona midomo yenu. Wengine nitawagawa hapo nje. Msiende na barua. Msiende na nyimbo wala na kundi. Muulizeni mtu wapi panamuuma, halafu mfanye lile linalotushinda sote humu ndani: mnyamaze. Na atakalowaambia lisitoke nje ya ukuta wake. Likifika sokoni, nitajua, na karatasi itakayosomwa hapa itakuwa na jina lako.

Ibada inakwisha sasa hivi. Hakuna wimbo wa kufunga. Nyumba ya yule mama wa sauti ya pili ipo hapo ng'ambo ya uwanja, hatua arobaini tu, nimezihesabu. Miezi saba napita mbele ya mlango ule kila Jumapili nikiwahi kuwahubiri ninyi. Mimi natangulia.